"AACHE TU" SIYO TIBA. TUAMBIENI MKUTANO UKO WAPI!

SEHEMU YA 1: Baa tunazijua zote

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya bila kulaiki, wiki hii tuweke pembeni chanjo na homa za watoto. Tuongelee pombe. Sitaongelea ubaya wake, huo mnaujua, wengine mnalala nao kitanda kimoja. Naongelea jambo moja: mtu akishasema mwenyewe "nimechoka, nataka kuacha", anaenda wapi?

Muulize mtu yeyote mtaani kwako baa iko wapi. Atakuonyesha tatu bila hata kusimama. Atakwambia ipi ina kitimoto kizuri, ipi inakopesha, ipi haifungi. Mtoto wa darasa la pili anajua gongo linauzwa kwa nani, maana ndiko anakotumwa kumfuata baba. Sasa muulize huyo huyo: watu walioacha pombe wanakutana wapi, siku gani, saa ngapi? Atakuangalia kama umemuuliza njia ya kwenda mwezini.

Nenda hospitali ukaulize. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Nenda kanisani, nenda msikitini. Wengi watakupa neno moja: "Aache tu."

Hilo neno ndilo nimekuja kugombana nalo.

Angalieni tunavyofanya wodini. Mgonjwa anakuja macho ya njano, tumbo limejaa maji, au kaanguka degedege. Anawekewa dripu, anachomwa vitamini B1, anapewa dawa ya kumtuliza. Siku ya tano anakula, anatembea, anamwomba mkewe msamaha huku analia. Anaruhusiwa. Kwenye karatasi yake kumeandikwa dawa, tarehe ya kurudi, na ushauri: aache pombe. Basi.

Mwenye kisukari anapewa kliniki yake na siku yake. Mwenye TB anafuatiliwa mpaka nyumbani. Mwenye VVU ana WAVIU washauri, watu waliopita alikopita yeye. Mjamzito ana kadi. Hata anayetumia heroini siku hizi ana pa kwenda: Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na kliniki zimeongezeka. (Methadoni haitibu ulevi wa pombe, msije mkaenda kuiomba.) Mlevi wa pombe yeye anapewa sentensi.

Halafu akirudi wodini baada ya miezi miwili tunamwambia hana nia!

SEHEMU YA 2: "Aache tu" inaweza kuua

Hapa naomba msome taratibu, hii ni ya kitaalamu na inaokoa maisha.

Mtu anayekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ambaye asubuhi lazima azimue ndiyo mikono itulie, mwili wake umeshazoea. Ukimfungia chumbani ghafla eti "leo mwisho", mwili unagoma. Dalili huanza kama saa 6 mpaka 24 baada ya chupa ya mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukata. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanaweweseka: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, homa inapanda. Majirani wanasema karogwa. Hajarogwa, ni arosto ya pombe, na ikifika hapo bila matibabu inaua.

Kwa hiyo mama, usimfungie. Usimpeleke kijijini kwa bibi ambako hata zahanati ni mwendo wa boda saa nzima. Mtu wa namna hii anaachishwa chini ya uangalizi wa daktari, siku chache tu, kwa dawa zinazojulikana.

Sasa sikilizeni kinachonikera. Hizo siku tano za hospitali ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni siku ya sita. Anarudi mtaa ule ule, rafiki zake ni wale wale, mshahara unaingia tarehe ile ile, muziki wa baa unaingia mpaka sebuleni. Sisi tumetoa pombe mwilini, lakini hatujamwonyesha mtu hata mmoja anayeishi bila pombe. Hiyo jioni ya siku ya sita atakaa na nani? Kama jibu hatuna, tusimlaumu kwa jibu atakalolipata mwenyewe.

SEHEMU YA 3: Dawa ya kwenye mboga

Kinachochekesha na kuliza ni hiki: kuna kitu kimoja cha kuachisha pombe ambacho kila mama anakipata ndani ya dakika mbili. Mnakijua. "Dawa ya kuachisha pombe bila yeye kujua, weka kwenye chai au mboga, tunatuma mikoani." Namba ipo, bei ipo, na ushuhuda wa mama fulani upo.

Dada yangu, usiweke.

Dawa halali ya kumfanya mtu aichukie pombe ipo, inaitwa disulfirami. Mgonjwa anaimeza kwa hiari yake, anajua, amepimwa, ameelezwa. Kwa sababu akiinywa halafu akagusa pombe, uso unawaka moto, anatapika, moyo unakimbia, presha inaweza kushuka mpaka akazimia. Mwenye matatizo ya moyo anaweza kufa. Sasa wewe umemwekea kwenye mchicha, hajui, anaenda zake baa. Unategemea nini? Na hapo nimeongelea dawa inayojulikana. Kile kipakiti kisicho na lebo hata mimi siwezi kukwambia ndani kuna nini.

Simlaumu mama aliyenunua. Amekwama. Ameenda hospitali akaambiwa "aache tu", ameenda kwa wakwe akaambiwa "mvumilie, ndiyo ndoa", akaingia mtandaoni akamkuta mtu mmoja tu anayejibu simu: tapeli. Wauza vipakiti wameshinda kwa sababu wanapatikana. Sisi wenye msaada wa kweli tumejificha.

SEHEMU YA 4: Mkutano ni kitu gani hasa

Wengi mkisikia "mkutano wa waliokuwa walevi" mnawaza hotuba, kamati na posho. Hapana. Fikirieni kikoba. Mnakutana kila wiki, siku ile ile, mahali pale pale, viti vya plastiki, kila mtu anaongea kwa zamu, na asipokuja mtu mnajiuliza yuko wapi. Ni hivyo, ila hapa hamna hisa. Kinachowekwa akiba ni siku bila pombe.

Vikundi vilivyoenea zaidi duniani vinaitwa Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Mambo yao ni haya:

▪️ Sharti la kuingia ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna kiingilio, hakuna ada. Kapu linapita, mwenye chochote anaweka.
▪️ Unajulikana kwa jina la kwanza tu. Cha mkutanoni kinabaki mkutanoni.
▪️ Kuna mikutano ya wazi, ambayo mke, mama au ndugu anaruhusiwa kukaa. Na kuna ya ndani, ya wenye tatizo la pombe wenyewe.
▪️ Wanamtaja Mungu, lakini hawakuulizi wewe ni wa dini gani.
▪️ Kila mgeni anaweza kuomba mtu mzoefu wa kumshika mkono. Huyo ndiye wa kumpigia saa tatu usiku kiu ikishika.

Lilianzaje? Mwaka 1935, mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache. Biashara iliyompeleka Akron ikamwendea vibaya, akabaki hotelini peke yake, na baa iko pale pale. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia viongozi wa makanisa ya mji ule akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Mchungaji mmoja akampa majina ya watu, na kupitia majina hayo akafika kwa Dkt. Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa amezama kwenye pombe. Wakaongea saa nyingi. Hao wawili ndio waanzilishi wa AA.

Kisha wakataka wa tatu. Unajua walimpataje? Walipiga simu hospitali ya mji, wakamuuliza nesi: una mlevi hapo wodini? Nesi akasema yupo, tena amewapiga wauguzi. Wakaja wakakaa kitandani kwake, wakaongea naye. Yule mgonjwa alikuwa wakili. Alitoka, na hakurudi tena kunywa.

Kwa hiyo viongozi wa dini, na wauguzi wenzangu, msiniambie hii siyo kazi yetu. Kazi yote imeanza kwa mchungaji aliyetoa majina na nesi aliyejibu simu.

Na siyo hadithi tu. Mwaka 2020 Cochrane, shirika linalokusanya na kupima ushahidi wa matibabu, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Waliounganishwa na AA kwa utaratibu unaoeleweka walifanya vizuri kuliko waliopata tiba nyingine zilizozoeleka, hasa kwenye kukaa bila kunywa kabisa. Je, inamfaa kila mtu? Hapana. Wapo wanaohitaji daktari wa afya ya akili, wapo wanaohitaji dawa, wapo wanaohitaji kukaa nyumba ya upataji nafuu, zile tunazoita soba. Lakini kukatwa na kitu ambacho hukuwahi kuonyeshwa, hiyo siyo kushindwa.

SEHEMU YA 5: "Bajeti hakuna", na visingizio vingine

Kisingizio cha kwanza: hela. Jamani, hawa watu hawataki hela zenu! Ni kanuni ya AA kujitegemea, hawapokei ruzuku ya serikali wala ya mfadhili. Wanachohitaji ni chumba chenye viti na karatasi moja ukutani inayosema siku na saa. Serikali inakusanya ushuru kwenye kila chupa ya bia inayouzwa kihalali. Darasa la shule ya msingi saa kumi na moja jioni liko tupu. Ukumbi wa kanisa Jumanne uko tupu. Chumba cha kliniki ya watoto mchana kiko tupu. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "njooni".

Kisingizio cha pili: "Sisi tunawaombea." Ombeni, nami naitikia amina. Lakini mtu akivunjika mguu mnamwombea na mnampeleka hospitali. Mkishamaliza kumwombea mlevi, mpeni kiti kwenye ukumbi wenu. Na tafadhali msimsimamishe mbele ya watu Jumapili ashuhudie wiki moja baada ya kuacha. Akianguka wiki ya tatu ataona aibu kurudi kanisani, na kwenye mkutano hakuwahi kufika.

Kisingizio cha tatu, hiki ni cha wenzangu wa afya: "Tulimwambia." Kumwambia hakutoshi. Mwaka 1981 kule Marekani ulifanyika utafiti mdogo wa watu 20. Kumi walipewa maelezo ya mikutano na kuhimizwa waende. Kumi wengine, mshauri alimpigia simu mwanachama wa AA hapo hapo mgonjwa akiwa amekaa, mwanachama akajitolea kumpitia, na siku ya mkutano akamkumbusha. Matokeo: waliopewa maelezo hakwenda hata mmoja. Walioshikwa mkono walikwenda wote kumi. Watu 20 ni wachache, sawa. Lakini nani kati yetu aliyefanya kazi wodini anashangazwa na hayo majibu?

Mtu aliyetoka kwenye arosto ana aibu, ana hofu, hana nauli, na mlango hajawahi kuuona. Anahitaji mtu wa kumwambia "nitakusubiri kwenye kona ya duka la dawa saa kumi na mbili kasoro". Ni simu moja, kwa ridhaa ya mgonjwa, kabla hajavuka geti.

Kisingizio cha nne kinatoka kwetu wanafamilia: "Watu watatuona." Mama, watu walishaona. Walimwona alipolala kwenye mtaro. Walimsikia akiimba saa nane usiku. Walikuona ukilipa deni lake dukani. Mtaa mzima unajua anakunywa, kinachofichwa kwa nguvu zote ni kwamba anataka kuacha. Tumeigeuza aibu juu chini.

SEHEMU YA 6: Sasa tufanye nini

Nawapa kazi, msiishie kunitumia viganja vya amina.

1. Kabla mgonjwa wako hajaruhusiwa, usiondoke na "aache tu". Uliza kwa sauti: mkutano uko wapi, siku gani, nani atampokea? Omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Omba iandikwe kwenye karatasi pamoja na dawa. Ukijibiwa hakuna, omba rufaa kwenye kitengo cha afya ya akili. Mwuguzi atakayenuna ni tatizo lake.

2. Kwa wanaotafuta leo: Dar es Salaam mikutano ya AA ipo, Nairobi ipo. Kenya kuna namba ya bure ya NACADA, 1192. Tovuti ya kimataifa ya AA inaonyesha mawasiliano kwa kila nchi, na mikutano ya mtandaoni kwa Zoom ipo usiku na mchana. Ukikuta wanaongea Kiingereza, uliza cha Kiswahili. Piga simu kwanza uhakikishe saa na mahali, usimpandishe mtu daladala mbili akakute mlango umefungwa. Safari ya kwanza ikiharibika, ya pili ni ngumu kuipata.

3. Wewe mke, wewe mama mzazi, nawe una mkutano wako. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa yule Bill, alianzisha na wenzake vikundi vya familia, vinaitwa Al-Anon. Huko hawakufundishi kumwachisha mumeo. Wanakusaidia wewe uache kunusa shati lake, uache kumdanganyia bosi wake kwamba ana malaria, uanze kulala usiku. Ulevi wake hukuusababisha, hata shangazi zake wakisema "angekuwa na mke anayepika vizuri asingekwenda baa". Upuuzi mtupu. Na kama anakupiga wewe au watoto, mkutano usubiri. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, tafuta usalama kwanza.

4. Na wewe dada unayekunywa mwenyewe. Najua upo hapa. Kopo kabatini nyuma ya unga, pipi ya kuficha harufu kabla ya kumfuata mtoto shule. Jiulize manne: umewahi kuona unatakiwa upunguze? Unakereka watu wakikusema? Unajisikia vibaya moyoni kwa unavyokunywa? Umewahi kunywa asubuhi ili utulie? Mawili yakiwa ndiyo, ongea na mhudumu wa afya. Ukiwa mjamzito usisubiri mawili: hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto tumboni. Lakini kama unakunywa sana kila siku, njoo kliniki tukusaidie kuacha, usikate ghafla peke yako.

Huyu dada ndiye tunamsahau kuliko wote. Mkutano ukiwa saa moja usiku, nani atabaki na mtoto? Nani atamwamini kwamba ametoka mkutanoni na siyo kwa bwana? Kwa hiyo tukidai mikutano, tudai na wa mchana, tudai na wa wanawake peke yao. Na wewe jirani, ukiombwa kubaki na mtoto saa moja na nusu kila Alhamisi, baki naye usiulize maswali. Hiyo ni sadaka kubwa kuliko unga wa sembe.

5. Wenye kikoba, wenye jumuiya, wenye ukumbi: kwenye kikao kijacho ulizeni swali moja, nani hapa anajua wanapokutana walioacha pombe? Pakiwa kimya, ombeni chumba, siku moja kwa wiki, saa moja. Halafu andikeni karatasi mbandike zahanati, dukani, na pale pale mlangoni kwa muuza pombe kama anakubali. Muandike siku, saa na mahali. Jina la mtu msiandike.

Mtaa uliojua kuweka baa kila kona hauwezi kushindwa kuweka viti kumi kwenye chumba kimoja. Na mtu aliyesema "nataka kuacha" leo jioni hawezi kusubiri mpaka sisi tuone aibu iishe. Muulizieni mkutano wake, mpigieni simu, mumsindikize mpaka mlangoni.

Hapo chini andikeni mkoa na wilaya mnayotafutia, au siku na saa ya mkutano mnaoujua. Ya siri njooni inbox, nikitoka zamu nitajibu.